Mwongozo kamili wa kuwatunza na kuwawezesha wauguzi kituoni: anza na rosta

Mwongozo huu ni wa muuguzi mfawidhi, matroni, patroni au mganga mfawidhi wa zahanati na kituo cha afya, hasa sisi tulioko Kigoma vijijini: Uvinza kando ya ziwa, Buhigwe milimani, Kakonko na Kibondo kuelekea mpaka wa Burundi. Aliyeko hospitali ya rufaa ya mkoa pale Maweni anaweza kuusoma pia, lakini yeye ana ofisi ya utumishi, daktari wa zamu na duka la dawa ndani ya uzio mmoja. Wewe una wauguzi saba kwenye karatasi, watano kazini, na mtandao wa simu unaopatikana ukisimama chini ya mwembe.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ustawi wa muuguzi hauletwi na fulana na soda za tarehe 12 Mei. Siku ya Wauguzi Duniani naipenda, maandamano naenda, wimbo naimba. Ila wauguzi wetu wanachoshwa na mambo matatu: rosta isiyo na hesabu, kazi ya hatari wanayoifanya peke yao, na namna wanavyosemwa jambo likiharibika. Yote matatu yanapita mezani kwa mfawidhi kabla ya kufika kwa mtu mwingine yeyote. Mshahara na ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, vinaamuliwa mbali, kwa hiyo mambo ya malipo na uhamisho nimeyaweka mwishoni.

Hatua ya 1: Ongea na kila mmoja, peke yake

Usianze na kikao. Ukiuliza kwenye ripoti ya asubuhi "jamani, mna changamoto gani?" utajibiwa "tuko vizuri, matroni," kisha malalamiko yote utayasikia wiki ijayo kutoka kwa dereva wa gari la wagonjwa.

Tenga wiki moja. Kila muuguzi mpe robo saa, mkae mahali ambapo wagonjwa hawapiti, na uulize maswali matatu tu. Zamu gani unaiogopa? Kitu gani hapa kituoni kinakumalizia nguvu bila sababu? Ukipewa ruhusa leo, ungebadilisha nini kesho? Andika majibu kwenye daftari lako mwenyewe. Daftari hilo lisilale kwenye meza ya wauguzi.

Ukiwa unasikiliza, tazama pia dalili. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019, linaeleza uchovu uliokithiri wa kazi kwa mambo matatu: mtu ameishiwa nguvu, amejitenga na kazi yake au anaibeza, na anajiona hafai tena kuifanya. Kwetu sura yake utaijua. Yule aliyekuwa akimwita mama kwa jina sasa anasema "huyo wa kitanda cha tatu." Yule aliyekuwa akifika mapema sasa anafika zamu ikiwa imekwisha kukabidhiwa. Yule mcheshi anakula peke yake stoo.

Dalili nyingine haipendezi kuitaja ila ipo: muuguzi anaanza kuwafokea wagonjwa. Hapo mgonjwa analindwa kwanza, hilo halina mjadala, na muuguzi anaambiwa wazi kwamba lugha ile haikubaliki. Ukimaliza, fungua rosta uone amepiga naiti ngapi mwezi huo. Mara nyingi utakuta kitu.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya rosta kwa saa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Rosta nyingi tunazipanga kwa majina: Jumatatu fulani, Jumanne fulani, nafasi zikibaki tunajaza vijana wasio na watoto. Panga kwa saa uone tofauti.

Tuseme kituo chako kina zamu tatu. Asubuhi ni saa 1:30 hadi 9:30 alasiri, jioni ni saa 9:30 hadi 1:30 usiku, na usiku ni saa 1:30 hadi 1:30 asubuhi. Yaani saa 8, saa 4 na saa 12. Asubuhi unahitaji wauguzi wawili kwa wodi na leba, jioni mmoja, usiku mmoja, na mmoja wa kliniki ya mama na mtoto siku tano za wiki. Kwa wiki nzima asubuhi inakula saa 112, jioni 28, usiku 84 na kliniki 40. Jumla 264.

Sasa hesabu walio kazini. Kati ya saba, mmoja yuko likizo ya uzazi na mmoja masomoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Watano mara 45 ni saa 225. Umepungukiwa saa 39 kabla hata ya mtu kuugua.

Sheria hiyohiyo inaruhusu muda wa ziada usiozidi saa 50 katika kila wiki nne. Saa 39 ukizigawa kwa watu watano, kila mmoja anabeba karibu saa 8 za ziada kwa wiki, saa 31 kwa wiki nne. Inauma, lakini imo ndani ya sheria, na inadaiwa malipo. Rudi sasa kwenye usiku, weka wauguzi wawili badala ya mmoja kama kila mtu mwenye akili anavyojua inatakiwa. Jumla inapanda hadi 348, upungufu unakuwa saa 123, na kila mmoja anatakiwa atoe karibu saa 98 za ziada kwa wiki nne. Hiyo ni karibu mara mbili ya kiwango cha sheria. Hata wale wawili wangerudi leo, saba mara 45 ni 315, bado hazitoshi.

Namba hiyo ndiyo barua yako kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. "Tuna upungufu wa watumishi" imeandikwa na kila kituo miaka nenda rudi, na ina faili lake. "Kuweka wauguzi wawili leba usiku tunapungukiwa saa 123 kila wiki, sawa na karibu wauguzi watatu, na jedwali limeambatanishwa" ni barua inayomtaka mtu ajibu. Ipeleke kila robo mwaka ikiwa na namba mpya, nakala kwa Muuguzi Mkuu wa Wilaya, na nakala nyingine isomwe kwenye kamati ya kituo.

Hesabu ikishakaa, weka masharti ya rosta na uyabandike juu yake:

Rosta itoke wiki mbili kabla ya kuanza. Muuguzi ana watoto, ana shamba la mihogo, ana mama mgonjwa Kasulu. Hawezi kupanga maisha kwa karatasi inayobandikwa Jumapili jioni.

Asubuhi ya kutoka naiti isihesabiwe kuwa mapumziko. Huu ndio wizi mdogo tunaoufanya kila wiki na kuuita "off." Mtu ametoka saa 1:30 asubuhi, amelala mchana huku jirani anatwanga, ameamka jioni kichwa kizito, kesho alfajiri anarudi kazini, na kwenye rosta imeandikwa alipumzika. Sheria inataka angalau saa 12 kati ya kumaliza zamu na kuanza nyingine, na saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Aliyetoka naiti hawezi kurudi zamu ya jioni ya siku hiyohiyo. Naiti zikizidi tatu mfululizo, umakini unashuka. Ukiweza, tatu ziwe mwisho.

Mjamzito asipangwe usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya matarajio, na mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Aliyerudi kutoka likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa mapacha, ana haki ya muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Usimsubiri aombe. Mpangie mapema, maana wengi wanaona aibu kuacha mwenzao peke yake wodini.

Kubadilishana zamu kuruhusiwe, wote wawili wakisaini na wewe ukijua. Kinachokatazwa ni simu ya saa nne usiku: "Mdogo wangu, kesho uje, fulani hayupo."

Sikukuu ziwe na ukurasa wake. Andika nani alifanya kazi Idd iliyopita, nani Krismasi, nani Pasaka. Ujiji Idd ni Idd, na Kasulu Krismasi ni Krismasi. Aliyekosa mwaka huu apewe mwakani. Ukurasa huu utakuokoa na ugomvi mwingi.

Andaa pia rosta ya dharura na uiweke kwenye droo. Mei 2015 kipindupindu kilipolipuka Kagunga, wakimbizi kutoka Burundi wakiwa wamejazana ufukweni wakisubiri kuvushwa kwa meli ya Liemba, hapakuwa na nafasi ya kukaa chini kupanga nani apumzike. Rosta ya dharura inasema mapema kliniki ipi inasimama, nani analala kituoni, nani anarudi nyumbani kwa watoto, na baada ya siku ngapi watu wanabadilishwa hata kama ugonjwa haujaisha.

Hatua ya 3: Usiku asiwe peke yake

Saa nane usiku. Mama mmoja anasukuma. Mwingine amefika kwa bodaboda kutoka kitongoji cha pili, kanga imelowa damu. Taa ya sola inaanza kufifia. Muuguzi ana mikono miwili. Ukiwa huwezi kumpa muuguzi wa pili, mpe hivi.

Kwanza, mtu mwenye mikono. Mhudumu wa afya wa zamu ya usiku awe macho jengo moja na leba, ajue kuleta oksijeni, kushika tochi, kupima na kutaja shinikizo la damu kwa sauti, na kukimbia kumwita daktari. Mfundisheni kwa vitendo, mchana, mara kwa mara.

Pili, mwenza wa uzazi. Mkoa wetu una uzoefu wa jambo hili: kati ya 2016 na 2018 vituo kadhaa vya serikali hapa Kigoma vilijaribu utaratibu wa mama kujifungua akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Shangazi anayemsugua mgongo, anayempa uji na kumwita muuguzi hali ikibadilika ni msaada mkubwa kwa zamu yenye mtu mmoja. Lakini panahitajika mapazia kati ya vitanda, na mwenza aambiwe tangu kliniki nini afanye na nini asiguse. Asigeuzwe muuguzi wa bure.

Tatu, ruhusa ya kuita. Muuguzi wa zamu apige 115, namba ya bure ya usafiri wa dharura wa m-mama kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, bila kumwamsha mtu kwanza kuomba kibali. Andika kwa kalamu nene ukutani: damu nyingi, kifafa cha mimba, mtoto hapumui vizuri, uchungu uliopita mstari wa hatari kwenye patografu (chati ya kufuatilia uchungu), piga. Daktari au mfawidhi ataarifiwa gari likiwa njiani. Hii ndiyo maana halisi ya kumwezesha muuguzi: anaamua, na uamuzi wake hauhojiwi asubuhi kwa sababu tu gari limetumia mafuta.

Nne, mlinzi na mwanga. Njia kutoka nyumba za watumishi hadi leba iwe na taa, choo cha watumishi kiwe na komeo la ndani, na mlinzi akae pale ndugu wanapoingilia, si nyuma kwenye moto wa mahindi. Ndugu wenye hasira wanapokelewa na mlinzi na mtu mmoja wa kuwaeleza, kamwe si muuguzi aliyeshika mtoto. Taa, komeo na mabuti ya mlinzi vinaweza kuingia kwenye mpango wa kituo na kununuliwa kwa fedha zinazokuja moja kwa moja kituoni, kamati ikipitisha. Wafawidhi wengi wanaandika dawa na vitendanishi tu, halafu wanalalamika kwamba usalama hauna fungu.

Na rufaa. Muuguzi anayemsindikiza mgonjwa Maweni apewe posho yake kabla gari halijawashwa, na gari limsubiri limrudishe. Kumwacha mtu Kigoma mjini saa kumi alfajiri akiwa na sare yenye damu, atafute nauli ya kurudi Buhigwe, ni dharau. Kwa vijiji vya kusini mwa ziwa ambako safari ni ya boti, jaketi la kuokolea maisha ni la muuguzi pia, na akirudi zamu inayofuata si yake.

Hatua ya 4: Makabidhiano

Fupi. Yafanyike kitandani kwa mgonjwa, wote wawili wamesimama hapo, patografu au faili mkononi. Robo saa ya makabidhiano iingie kwenye hesabu ya saa za kazi. Anayetoka aseme alichoshindwa kumaliza bila kulaumiwa, na anayeingia aruhusiwe kusema "leo siko sawa, mtoto kalazwa jana." Vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za huduma, vijazwe ndani ya zamu. Muuguzi anayebaki hadi saa tano asubuhi akijaza vitabu ana dalili ya zamu iliyopangwa vibaya.

Hatua ya 5: Sindano ikimchoma mtu

Kila muuguzi ajue hatua hizi hata akiamshwa usingizini. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usilikamue, usimwagie spiriti wala dawa ya kuua vijidudu. Ikiwa ni jicho, lisafishe kwa maji mengi. Mwachie mwenzako mgonjwa, toa taarifa mara moja. Mgonjwa chanzo apimwe kwa ridhaa yake, na muuguzi apimwe pia. Dawa kinga ya VVU ianze haraka iwezekanavyo, ndani ya saa chache za mwanzo, na isipite saa 72. Inatumiwa siku 28, kisha vipimo vya ufuatiliaji.

Hayo wengi wameyasoma chuoni. Tatizo la kwetu ni ufunguo. Dawa ziko kliniki ya tiba na matunzo, kliniki imefungwa Ijumaa saa tisa, na mwenye ufunguo yuko kwenye msiba Uvinza. Basi weka dozi za kuanzia mahali ambapo zamu ya usiku inafika, leba au chumba cha dharura, ndani ya bahasha iliyoandikwa tarehe ya kuisha muda, na mtu mmoja azikague kila mwezi.

Mambo mengine mawili. Taarifa ya ajali iandikwe siku hiyohiyo kwenye daftari la ajali kazini, kwa sababu ikija kutokea madai kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008, utaulizwa ushahidi. Mwajiri wa serikali na wa binafsi wote wanahusika. Na muuguzi asilazimishwe kuchukua dawa au kupimwa na mwenzake anayekaa naye nyumba moja. Mpe nafasi ya kwenda kituo kingine, bila maswali. Siri ya mtumishi inavuja haraka kuliko ya mgonjwa.

Ukiwa hapo, angalia kadi zao za chanjo ya homa ya ini aina B. Dozi ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Utashangaa wangapi wameishia ya kwanza.

Hatua ya 6: Semina, leseni na kiti mezani

Hakuna kinachogawa watumishi kama semina. "Semina zina wenyewe," wanasema, na mara nyingi ni kweli. Bandika jedwali: jina, semina ya mwisho aliyohudhuria, tarehe, zamu yake inayofuata. Barua ya mwaliko ikija inasomwa mbele ya wote na jedwali linaamua, isipokuwa pale mwaliko unapotaka mtu wa kitengo fulani. Aliyekwenda akirudi anafundisha wenzake nusu saa, siku ya Alhamisi labda, na mahudhurio yanaandikwa. Mafunzo endelevu yanahitajika kuhuisha leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa hiyo uliza mapema kwa Muuguzi Mkuu wa Wilaya vipindi vyenu visajiliwe vipi ili vihesabiwe, badala ya kila mtu kuhangaika mwezi leseni inapoisha.

Kiti mezani ni jambo la kutekelezwa bila maneno mengi. Kikao cha kupanga bajeti ya kituo kiwe na muuguzi wa wodi, tofauti na mfawidhi. Yeye ndiye anayejua glovu za saizi gani zinaisha na shuka zipi zimekuwa matambara. Malengo ya PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa mtumishi, yaandikwe mkiwa wawili, muuguzi na msimamizi wake, yakihusu kazi anayoifanya kweli.

Na usimseme muuguzi mbele ya mgonjwa. Akikosea kitu kinachohatarisha, simamisha kitendo, chukua nafasi, maneno baadaye ofisini.

Hatua ya 7: Mama akifa, au mtoto

Hapa napo tukae kidogo. Kifo cha uzazi kinataarifiwa ndani ya saa 24 na kupitiwa kwenye kikao ndani ya siku 7. Utaratibu huo umejengwa juu ya kutotafuta mchawi. Unataka kujua mfumo ulivunjika wapi. Kwenye makaratasi ndivyo ulivyo. Vituoni, mara nyingi, muuguzi aliyekuwa zamu anaanza kuhukumiwa saa moja asubuhi, mlangoni, kwa swali moja: "Ulikuwa wapi?"

Asubuhi hiyo fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Mtoe wodini. Zamu ichukuliwe na mwingine hata kama ni wewe mwenyewe kuvaa aproni. Mkalishe mahali pa faragha, apewe chai yenye sukari, anawe, abadilishe sare. Usimwache peke yake na usimjaze maswali. Sema jambo moja tu: "Nimekuja kukaa na wewe. Ripoti tutaiandika pamoja."

Ndugu waelezwe na daktari au mfawidhi. Muuguzi asitumwe kwenda kutoa habari ya kifo akiwa bado anatetemeka.

Ripoti iandikwe siku hiyo, kumbukumbu ikiwa mbichi, mtu mwingine akiwa kando yake kusaidia mpangilio wa muda: mama alifika saa ngapi, damu ilianza lini, simu ilipigwa lini, gari lilifika lini. Kisichojulikana kiachwe kitupu. Kujaza patografu baada ya tukio ni kosa, na muuguzi mwenye hofu atashawishika kulifanya usipokuwa pale. Kuwepo kwako kunamlinda yeye na ukweli pia.

Ndani ya siku mbili au tatu, waite wote waliokuwa zamu, pamoja na mhudumu na mlinzi. Nusu saa, mlango umefungwa. Kila mmoja aeleze alichokiona, alichokihisi, na kinachomrudia usiku. Asiyetaka kuzungumza asilazimishwe. Hiki si kikao cha uchunguzi, hakuna anayeandika. Mnaweza kuanza kwa sala kama ndivyo mlivyozoea, mradi sala isiwe njia ya kukwepa mazungumzo.

Kwenye kikao cha kupitia kifo chenyewe, kaa karibu naye. Mtu akiuliza "nani alikuwa zamu?" wewe uliza "damu ya kuongezea ilikuwa wapi, na gari lilichukua muda gani?" Hoja zikirudi kwenye mfumo, kikao kinazaa kitu. Kama kweli pana uzembe, una njia yake ya kinidhamu na ya Baraza. Usichanganye vikao viwili.

Zamu mbili tatu zinazofuata asipangwe leba peke yake. Usimwondoe leba moja kwa moja pia, maana wenzake watasoma hukumu hapo. Baada ya wiki mbili muulize usingizi unakujaje, anakula, anakunywa pombe kuliko zamani? Kama halali, anaona tukio lile likijirudia, au amekata tamaa, mwombee nafasi kwa huduma ya afya ya akili hospitali ya rufaa ya mkoa, na safari hiyo ihesabiwe kuwa ruhusa ya matibabu. Akitamka kwamba hataki kuishi, ni dharura ya siku hiyohiyo: asiachwe peke yake, na funguo za kabati la dawa zishikwe na mwingine.

Hatua ya 8: Mgeni, madeni, likizo na uhamisho

Muuguzi mpya anaposhuka kwenye basi Kasulu au treni Kigoma na begi moja, wiki yake ya kwanza ndiyo itakayoamua kama atakaa. Mwenyekiti wa kijiji aombwe mapema chumba, na kituo kijue maji yanachotwa wapi. Fuatilia posho yake ya kujikimu kwa Afisa Utumishi wewe mwenyewe, usimwachie kijana asiyejua ofisi iko mlango gani. Wiki mbili za mwanzo asipangwe usiku peke yake, hata kama mkono wake ni mzuri.

Madeni ni jambo la faragha linaloharibu kazi hadharani. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, imewakamata wengi. Utamjua kwa simu anazokata na zamu anazoziuza. Usimhubirie. Mwoneshe SACCOS ya watumishi, msaidie kuandika orodha ya anaodaiwa na riba zake, na usiruhusu mkopeshaji kuingia wodini kudai. Malipo ya muda wa ziada yaliyocheleweshwa yawe na orodha moja inayosainiwa kila mwezi, kisha chama cha wafanyakazi, TUGHE au TALGWU, wapewe nakala. Deni lisiloandikwa linakufa.

Likizo ya mwaka ni siku 28. Pangeni Januari kwa kituo chote, kila mtu achague miezi miwili, migongano iamuliwe kwa kuangalia nani alikosa mwaka uliopita. Maombi yaingizwe mapema kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni ambao mtumishi anautumia mwenyewe. Ukimrudisha mtu kazini katikati ya likizo, siku zake zirudishwe kwa maandishi.

Mwisho, anayeomba uhamisho. Usilikalie ombi lake ukidhani unakilinda kituo. Muuguzi aliyefungwa mlangoni anakuwa hayupo hata akiwepo. Muulize kitu gani kingemfanya abaki mwaka mmoja zaidi. Wengine watasema mume yuko Tabora, hapo huna la kufanya zaidi ya kumpitishia. Wengine watataja nyumba inayovuja au naiti nne mfululizo, na hayo uko nayo mezani. Akienda, mpe mwezi mmoja amfundishe anayechukua nafasi yake, na kabla hajafunga mizigo mwombe amwoneshe pia alikokuwa anaficha glovu za akiba.